Maji ya Kumwoshea Shangazi

Shangazi yangu haogopi kufa. Anachoogopa ni kuoshwa kwa maji ya bomba. Alianza kunieleza jambo hili nikiwa msichana, kwa sauti ileile aliyotumia kunifundisha kukaanga karanga bila kuziunguza. Kwetu, upande wa Kabambare, mtu wa ukoo wetu akifa huoshwa kwa maji yaliyotekwa mahali anapopita fisi maji, mnyama wa mtoni anayekula kaa na samaki. Haitoshi kwamba ni mtoni. Lazima liwepo jiwe ambalo mnyama huyo ameacha alama yake, na alama yenyewe, nisiwafiche, ni mavi yaliyojaa vipande vya magamba ya kaa. Ukiyaona unajua kwamba mwenyeji yupo. Unamsalimu, unateka, unaondoka.

Wazee wanasema babu zetu walikuwa wakikimbia vita, wakafika mtoni maji yamejaa na adui yuko nyuma yao. Fisi maji akatokea, akavuka mbele ya macho yao, nao wakafuata njia yake wakakuta maji hayapiti kiuno. Tangu siku hiyo hatumwindi, hatumli, hatuvai ngozi yake, na tukimkuta amekufa tunamlilia kama mtu. Mimi nimesoma elimu ya viumbe na ninaifundisha. Najua fisi maji huogelea hata penye kina cha kuzamisha nyumba, na hana habari za wakimbizi. Hata hivyo sijawahi kula nyama yake na sitaila.

Baba yangu, kaka yake shangazi, alipofariki, vijana wa ukoo walitumwa kutafuta jiwe. Walipanda na mto, wakashuka nao, wakarudi mikono mitupu. Wakati huo uchimbaji wa dhahabu ulikuwa umeshaenea kutoka Salamabila mpaka kwenye vijito vyetu, na mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Baba akaoshwa kwa maji ya kisima cha kanisa, maji safi yasiyo na kasoro yoyote. Shangazi alikaa nje, mgongo wake umeuelekea mlango. Aliniambia, "Kaka yangu anaondoka na vumbi." Hakurudia maneno hayo, lakini tangu hapo kila mtu aliyetoka kwetu kuja Kasongo alibeba swali lake: wewe unayefanya kazi ya wanyama, je, bado wapo?

Msidhani ni mtu wa mizimu. Shangazi ni mama wa kanisa, na kitenge chake cha umoja wa wanawake hupigwa pasi kabla ya nguo nyingine yoyote. Mchungaji wake aliwahi kumwambia kwamba maji ni maji tu. Alimjibu kwamba Yesu naye hakubatizwa kwenye ndoo. Mchungaji akacheka, akahamia kwenye habari za mavuno ya mpunga.

Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufa. Na kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, ananiita mama. Hata nilipokuwa mdogo akitaka kunichapa, alianza kwa kuniomba radhi, "Unisamehe, mama," halafu fimbo ikafuata. Mimi naye tumezoeana hivyo, kila mmoja ni mkubwa wa mwenzake, na hakuna anayeshinda.

Mimi nafundisha chuo kikuu hapa Kasongo, na ninasaidia kutunza makumbusho ya viumbe ya chuo, ambayo watu wa mtaani huyaita mize. Ni sale moja, ukumbi mrefu wenye makabati ya vioo. Kuna ndege waliokaushwa, wadudu waliochomwa pini, samaki kwenye chupa za dawa, mafuvu ya nyani yaliyopangwa kwa ukubwa. Panya wanatupenda kuliko wageni wanavyotupenda. Harufu ya dawa ya nondo imeingia kwenye nguo zangu zote, na sokoni kuna mama muuza mafuta ya mawese anayenijua nikiwa bado nyuma yake.

Kila mwaka, kiangazi, mize hufungua milango kwa watu wote. Nakiri kwamba siipendi siku hiyo. Napenda watu waje, lakini sipendi kwaya ije kuimba karibu na vioo, sipendi viti vya wakubwa ambao watachelewa, na sipendi hotuba. Kuna mwaka mgeni mmoja wa heshima alisifu mamba wetu kwa maneno mengi akiwa amesimama mbele ya kenge. Tulimpigia makofi.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa na jambo la kweli la kutangaza. Mimi na mkuu wa makumbusho, mwanamume mpole anayefuta miwani yake kila anapotaka kusema neno gumu, tulikuwa tumezunguka vijito kadhaa vya kusini tukitafuta alama za fisi maji. Kwa muda mrefu hatukupata kitu. Halafu kwenye kijito kimoja, ambacho sitakitaja jina, tulikuta jiwe, na juu ya jiwe mavi, na ndani ya mavi magamba ya kaa. Nilipiga magoti kama mtu anayesali. Mkuu alifikiri nimeteleza.

Nilitaka kumpigia shangazi simu siku ileile. Mkuu akanizuia, na alikuwa na haki. Kwanza tulipaswa kuhakikisha. Tulipeleka sampuli kwa wenzetu wa maabara ya mbali huko Ulaya, tukafunga kamera ndogo kwenye mti inayopiga picha mnyama akipita. Zilipita wiki nyingi nikijua jambo ambalo shangazi alikuwa akilitafuta, nami nikimjibu kwenye simu, "Tunaendelea kutafuta." Nilijisikia vibaya kila mara. Jibu la maabara lilipokuja, na picha pia, picha ya mgongo uliolowa na mkia mnene, tulikubaliana habari itatolewa siku ya milango wazi. Na tulikubaliana jambo la pili: mahali hapatasemwa. Ngozi ya fisi maji inatafutwa na waganga, na nyama yake haina mwenye kuikataa isipokuwa ukoo wetu.

Shangazi akaja wiki ya milango wazi. Alikuja kutibiwa macho yake, ambayo yalikuwa yameanza kuona kila kitu kupitia moshi. Alipanda pikipiki kutoka Kabambare, amekaa katikati ya dereva na gunia la karanga, akashuka mbele ya nyumba yangu akiwa mwekundu wa vumbi kuanzia kilemba hadi viatu. Salamu yake ya kwanza ilikuwa kwamba dereva yule anaendesha kama mtu aliyemkosea mke wake. Ya pili ilikuwa kwamba safari hii angeona kazi yangu kwa macho yake kabla hayajafumba.

Hapo ndipo nilipokumbuka kabati la katikati. Ndani yake yumo fisi maji aliyekaushwa tangu kabla sijazaliwa. Amesimama kwenye kipande cha ubao, jicho moja la kioo limepotea, na kwa ajili ya habari yetu mkuu alikuwa ameamua akae katikati ya sale, pale kila mtu anapopita. Shangazi angeingia na kukutana naye uso kwa uso, mzoga wa mtu wake, katika nyumba anayofanyia kazi mtoto aliyemlea.

Nilimweleza mkuu. Akafuta miwani. Akasema mnyama hawezi kuondolewa kwa sababu ndiye habari yenyewe, lakini nikitaka nimfunike mpaka saa ya kutangaza, itakuwa hata vizuri zaidi, watu watapenda kufunuliwa. Basi asubuhi ya siku yenyewe nilichukua kitenge changu kipya, cha buluu, nikafunika kabati lote mpaka miguuni. Kabati hilo limelazwa, ni refu kama kitanda. Mtu fulani wa kwaya akaona ni zuri, akaweka na maua ya plastiki juu yake. Nilipita mara nyingi mbele ya kitu kile nikiwa na haraka ya viti na spika, wala sikukiona kilivyo.

Shangazi alikiona. Aliingia akiwa amenishika mkono, akaenda hatua chache, akasimama.

"Ni nani amelala hapa?" akauliza.

"Haiko mutu, shangazi. Ni vitu ya kazi."

"Vitu ya kazi hawafunikake hivi, mama."

Ndipo nikatazama. Kitenge kipya, maua, kwaya nje wanapasha sauti zao, watu wanaingia polepole kwa sababu walinzi wamewaambia wasikimbie. Nilikuwa nimetandika msiba. Tena nilikuwa nimefanya lile ambalo kwetu hufanywa na wenye mnyama. Anayemkuta fisi maji amekufa huvua nguo yake ya juu na kumfunika, na kitambaa hicho ndicho kinachotangaza kwa ukoo kwamba kilio kimeanza. Nilikuwa nimemlaza mnyama mbele ya shangazi kwa heshima zote, bila kukusudia.

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ni yeye. Ni fisi ya mayi."

Shangazi alivua viatu vyake, akaviweka pembeni vikiwa vimelingana, akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele. Alianza kulia. Kilikuwa kilio kidogo, cha nidhamu, sauti isiyopanda. Mimi nikakaa kando yake, ningefanya nini?

Sasa, watu wa Kasongo wanajua adabu. Anayeingia mahali na kumkuta mzee amekaa chini miguu mitupu kando ya kitu kilichofunikwa, haulizi. Anakaa. Mama muuza mafuta ya mawese alikuwa wa kwanza, akavua kandambili, akashuka chini akishika magoti yake. Wakafuata wenzake wa soko. Wanaume wakavua kofia, wakasimama kando ya ukuta chini ya ndege waliokaushwa. Vijana wa pikipiki walioingia kwa vicheko wakanyamaza mlangoni. Kwaya, iliyokuwa imejiandaa kwa wimbo wa shangwe, ikasikia ukimya, na kiongozi wao, mwanamke mwepesi wa akili, akabadili, akaanzisha wimbo wa mazishi kwa sauti nne. Uliimbwa vizuri sana. Nilikuwa nataka kucheka na nilikuwa nalia, na kwa kweli nilikuwa na hasira pia, kwa sababu kazi ya wiki nzima ilikuwa imegeuka matanga.

Wageni wa heshima wakafika, wamechelewa kama kawaida. Waliingia katikati ya ubeti wa pili. Wakainamisha vichwa. Mkuu wa makumbusho akaja kwangu akitembea kwa ncha za viatu, akaniinamia.

"Nani amekufa?" akanong'ona.

"Fisi maji," nikasema.

Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Halafu, na kwa hili nitamheshimu siku zote, naye akakaa chini.

Wimbo ulipokwisha shangazi alijifuta uso kwa ncha ya kitenge chake. Aliniuliza, kwa sauti ambayo sale nzima iliisikia kwa sababu hakuna aliyekuwa akisema, "Huyu alikufia wapi?"

Nikamjibu kwamba haijulikani. Aliletwa na mwindaji zamani sana.

"Kulikuwa mutu wa kumulilia?"

"Sizani, shangazi."

"Basi ni leo," akasema. "Mumufunue, tumeshalia."

Nikaondoa maua, nikakunja kitenge. Shangazi alimtazama mnyama kwa muda, kichwa kimeinama upande, akijaribu kumpata katikati ya moshi wa macho yake. Akasema amekonda. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha baada ya mazishi, na siku yetu ikaendelea. Viti vikakaliwa. Hotuba zikatolewa, na nasikitika kusema zilikuwa fupi kwa mara ya kwanza, maana hakuna anayependa kupiga maneno mengi msibani.

Kisha mkuu akasimama na kutoa habari. Alisema fisi maji, waliodhaniwa wamekwisha katika vijito vilivyovurugwa na machimbo, bado wapo. Akaonyesha picha ya mgongo uliolowa kwenye ukuta mweupe. Akaeleza jinsi tulivyopata mavi juu ya jiwe, tukayaosha kwenye kijito kwa chekecheo na karai, tukachambua magamba na mifupa ya samaki ili kujua mnyama anakula nini. Watu walipiga makofi kweli, si yale ya mamba. Mimi nilikuwa namtazama shangazi. Mdomo wake ulikuwa wazi kama wa mtu anayesikia jina lake likiitwa kanisani. Aliinua mkono, akasimama kabla hajaruhusiwa.

"Ni wapi?"

Mkuu akasema kwa upole, "Mama, ile hatuwezi kusema. Ni kwa kuwalinda."

"Mimi sina bunduki, baba. Mutuambie, ni wapi?"

"Mutusamehe, mama. Hata kwa mukubwa wa serikali hatutasema hapa mbele ya watu."

Shangazi akanigeukia. Hakuuliza. Alinitazama tu, na mimi nikatazama sakafu. Aliketi polepole. Najua alivyojisikia, kwa sababu nilijisikia hivyohivyo, kama mtu aliyefungiwa mlango na mtoto wake mwenyewe.

Kutoka nyuma, kwenye kundi la vijana, mtu mmoja akasema kwa sauti ya kujiamini, "Wanaficha? Waliosha na karai? Basi iko zahabu pale." Sale nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka. Penye wengi pana mengi, nikasema moyoni, na nikaenda kugawa soda.

Jioni, kabla jua halijazama, tulikaa uani kwangu tukichambua mchele. Nilikuwa nimepika sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu, chakula anachokipenda, lakini hakukisifu wala hakukitukana, na hapo nilijua mambo ni mazito. Nikangoja. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akiniuliza nitamwambia, mkuu afute miwani mpaka ipasuke.

Hakuniuliza. Alisema, "Nilikosea pale mbele ya watu, mama. Kwetu mwenye kuoshwa haulizake mayi inatoka wapi. Ule mwenye kuteka ndiye anajua."

Nikasogeza ungo karibu yangu.

"Wewe unapajua pale?"

"Napajua."

"Ulifika na miguu yako? Uliona jiwe na macho yako?"

"Niliona, shangazi."

"Basi imetosha. Usiniambie. Ni wewe utateka."

Akaendelea kuchambua mchele wake. Mkono wake ulitafuta mawe kwa vidole zaidi ya macho, na kila alipolipata moja alilitupia kuku. Alikuwa ametulia kabisa, ametua mzigo. Mzigo aliotua alikuwa ameuweka kwangu. Kwetu mwenye kuteka huteuliwa na mzee mwenyewe akiwa hai, huwa ni mwanamke wa ukoo, na akishateuliwa hawezi kukataa. Ni heshima kubwa. Mimi sikuitaka. Nilitaka kumwambia amteue mwingine, kwa sababu kuikubali kazi ile ni kukubali kwamba siku itakuja na mimi nitatembea mpaka kwenye lile jiwe na dumu begani, na nyuma yangu nyumbani yeye amelala hajibu salamu. Nilisema, "Sawa, shangazi." Halafu nikaingia jikoni, nikakaa huko mpaka uso wangu ulipotengenea.

Alikaa nami kwa muda, macho yake yakatiwa dawa, akarudi Kabambare kwa pikipiki na dereva mwingine. Huyu naye hakumpendeza, anaendesha taratibu mno kama mwenye kuogopa kufika.

Yule kijana aliyesema iko zahabu, sijui hata alikuwa nani. Lakini maneno yake yalipanda pikipiki zaidi ya moja. Yalifika Lusangi, yakafika Salamabila, na yalipokuwa yanafika yalikuwa yamenenepa. Maprofesa wa Kasongo wameonekana kijitoni na karai na chekecheo. Wamepeleka vitu Ulaya kupimwa. Jibu limerudi, ni zuri, na sasa wanaficha mahali. Ukilitazama, kila neno lilikuwa kweli. Nani katika mkoa wetu wa Maniema ataamini kwamba watu wazima wawili, wamesoma, walikaa kijitoni wakiosha mavi?

Tulijaribu kusahihisha. Mkuu alikwenda kwenye redio ya mji akasema waziwazi kwamba hakuna dhahabu. Ilikuwa kosa. Mpaka siku ile walikuwapo watu wenye shaka, lakini waliposikia profesa ameacha kazi zake kwenda redioni kukana, shaka iliwatoka. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilimwambia mkuu bora angekwenda kutangaza kwamba ipo nyingi, wangedhani tunawatega. Hakucheka. Aliandika kwa wakubwa wa wilaya, akaahidiwa kwamba jambo litatazamwa.

Mimi huenda kwenye kijito kila inapowezekana, kuangalia kamera na kukusanya sampuli. Hiyo ni kazi ya makumbusho na nina ruhusa yake. Lakini nikifika, kabla ya kamera, naenda kwenye jiwe. Nikikuta alama mpya, nasalimu kama nilivyofundishwa. Mwenzangu wa makumbusho akiwapo, nasalimu kimoyomoyo, kwa sababu mtu ana heshima zake za kulinda.

Safari ya mwisho nilikuta alama mbichi, bado zinang'aa. Maji yalikuwa meupe, unaona kaa wakitembea chini. Nilikuwa nimechutama hapo, nimefurahi kwa kweli, niliposikia mlio kutoka chini ya kilima. Nilidhani ni pikipiki. Nikangoja ipite. Haikupita. Ulikuwa mlio wa motopompe, mashine ya kuvuta maji wanayotumia wachimbaji kuosha udongo, unanguruma mahali pamoja, unakohoa, unaendelea. Walikuwa bado hawajafika kwenye jiwe. Walikuwa wanapanda na kijito.

Shangazi hupiga simu Jumapili baada ya ibada, akisimama kwenye kichuguu nyuma ya kanisa ambako mtandao hupatikana. Haulizi wapi. Ameshika neno lake. Anauliza kitu kimoja tu kabla ya kuhamia kwenye karanga na wajukuu wa jirani.

"Bado wanapita?"

"Wanapita, shangazi. Niliona juzi, alama mbichi."

"Sauti yako iko na kitu."

Nilitaka kusema ni mtandao. "Iko mashini chini ya kilima," nikasema. "Watu wa zahabu wamefika."

"Iko mbali na jiwe?"

"Haiko mbali."

Nilisikia upepo kwenye simu, na nyuma yake wanawake wa kanisa wakiagana. Hakushtuka, wala hakulaani mtu. Alinijibu kama mtu anayeambiwa kwamba gari linaondoka mapema kuliko alivyodhani.

"Basi nisichelewe."

Nilikasirika. Nilikasirika kama sijawahi kumkasirikia, nikapandisha sauti, mimi mtoto. Nikamwambia achelewe. Achelewe sana, achelewe mpaka watu wachoke kumngoja, na mashine zote ziharibike, na kama maji yatachafuka tutayachuja kwa kitambaa, nina vitambaa, nina maabara nzima. Nilikuwa nalia na nadhani alisikia. Alicheka kwanza, akacheka mpaka akakohoa.

"Unisamehe, mama," akasema. "Mayi ile hawachujake."

Halafu akaniuliza kama nimeshakula.